Dar–Mbeya: treni au ndege?

Dada, umeuliza kama kutoka Dar kwenda Mbeya upande ndege hadi Songwe, uwanja wa ndege wa Mbeya, au treni ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia. Kama unawahi msiba au kikao, panda ndege, ni saa moja na ushee tu. Kama una siku ya kupoteza, nakusihi panda treni.

Kaa dirishani. Reli inakatiza hifadhi ya Nyerere, na mimi nimeona twiga wamesimama karibu kiasi cha kuhesabu madoa. Lakini utamu wenyewe ni kati ya Mlimba na Makambako: treni inapanda taratibu kutoka bonde la Kilombero, handaki baada ya handaki, daraja baada ya daraja, na baridi inaingia behewani. Beba sweta!

Chakula kipo ndani, ila acha nafasi tumboni. Mlimba kina mama walikuja na wali wa moto kwenye mabakuli yenye vifuniko, mchele wa hapo hapo bondeni. Ule wali ulinukia hadi behewa la pili. Uwe na chenji mkononi, treni haikusubiri.

Na kwa kuwa unapenda jiografia: Tanzania ina reli za upana wa aina tatu. Reli ya Kati ya zamani ni milimita 1,000, SGR, ile reli mpya ya kisasa, ni 1,435, TAZARA ni 1,067 sawa na Zambia na Afrika Kusini. Ndiyo maana Kidatu, TAZARA na reli ya zamani zinapokutana, mizigo huhamishwa.