Je, jinamizi huotwa?

SWALI: Usingizi ukianza kunichukua, mara nyingi nahisi natumbukia shimoni, nashtuka. Siku nyingine naamka kifua kizito, siwezi kuinua hata kidole. Mwenzangu anasema yote mawili ni jinamizi. Ni sawa? Na je, naweza kuandika "niliota jinamizi"?

JIBU: Hilo la pili ndilo jinamizi. La kwanza ni kugutuka tu: misuli hushtuka ghafla usingizi unapoingia, na mtu huhisi anaanguka. Sema "niligutuka usingizini". Usichanganye gutuka na kurupuka. Aliyegutuka aweza kubaki palepale kitandani na shuka lake. Aliyekurupuka amekwisha kuinuka, pengine yuko mlangoni.

Jinamizi hutokea akili inapoamka kabla ya mwili. Tunapoota, misuli mingi hulegea, na ulegevu huo ukichelewa kuondoka mtu hujikuta macho lakini hawezi kusogea wala kusema. Hali hiyo huchukua sekunde kadhaa, pengine dakika moja au mbili, na huwapata zaidi waliokosa usingizi wa kutosha na wanaolala chali. Pumzi haikatiki, ila kifua huhisi kimelaliwa. Ndiyo maana vitenzi vinavyofuatana na neno hili ni kaba, kandamiza na lalia, na mtendaji ni jinamizi lenyewe: "Jinamizi lilinikaba, nikashindwa hata kupiga ukelele." Upatanisho wake ni wa li-/ya-: jinamizi hili, majinamizi haya. Anayeandika "jinamizi alinikaba" anamfikiria jini, na hilo ni neno jingine.

"Niliota jinamizi" husikika sana siku hizi, kwa kuwa wengi wamelipanua neno likabeba ndoto yoyote ya kutisha. Si kosa la kufutiwa kwa wino mwekundu, lakini linapoteza ule uzito wa kifuani. Aliyekimbizwa na simba usingizini ameota ndoto mbaya, basi. Ajabu ni kwamba waandishi wa habari wanaposema "jinamizi la madeni" wanalitumia kwa usahihi zaidi: deni nalo hukalia mtu kifuani.

Ukisikia unaitwa jina na hakuna aliyekuita, au ukiona kivuli pembeni mwa kitanda, hayo ni maruweruwe. Neno hili hukaa katika wingi daima: maruweruwe yalimjia. Na ile hali yenyewe ya kuwa nusu macho nusu usingizini inaitwa mang'amung'amu, neno zuri ambalo waandishi wamelisahau: "Nilikuwa katika mang'amung'amu niliposikia sauti."

Kuna pia kuweweseka, yaani kusemasema usingizini. Hapa angalia nafsi. "Anaweweseka" haina shida, lakini "naweweseka" haisemeki, kwa kuwa mwenye kuweweseka hana habari. Andika "nimeambiwa niliweweseka".