Viazi kunyauka ghafla na udongo una maji

Pole mkuu, umesema viazi vyako vinanyauka ghafla ingawa udongo una maji. Viazi mviringo vikinyauka ghafla majani yakiwa bado ya kijani, na udongo una unyevu, shuku mnyauko bakteria (ugonjwa wa kunyauka unaoletwa na bakteria). Hakikisha hivi: kata kipande cha shina karibu na ardhi, kining'inize ndani ya glasi ya maji safi bila kuitikisa. Zikishuka nyuzi nyeupe kama maziwa, ndio wenyewe. Dawa ya kupuliza haipo, usipoteze hela. Ng'oa mmea pamoja na viazi vyake, uchome. Mbegu usiache kutoka shamba hilo hata zikipendeza vipi, nunua iliyothibitishwa. Misimu ijayo panda mahindi au ngano, si nyanya wala biringanya, hao ni ukoo mmoja na viazi. Na jembe lioshe (wengi hupuuza) kabla ya kuhamia shamba jingine.