Nimeuza dawa ya kupunguza mwili, mteja akaugua ini. Je, nadaiwa?

SWALI: Assalaam alaykum, sheikh. Nipo Moshi, nauza dawa za asili jirani na soko la Mbuyuni. Dada mmoja alitumia unga wa chai ya kijani wa kupunguza mwili, vijiko nilivyompangia mwenyewe. Macho yakawa ya njano, hospitali wakasema ini limeathirika. Mumewe anadai gharama za matibabu. Nilikusudia kheri, na ni majani tu. Je, nadaiwa?

JIBU: Wa alaykumus salaam, dada yangu. Allah amponye mgonjwa.

Nia njema inakuepusha na dhambi ya kukusudia, lakini dhamana, yaani wajibu wa kulipa madhara, inabaki. Amepokea Abu Daud kuwa Mtume (s.a.w.) amesema: mwenye kutibu watu naye hajulikani kwa utabibu, ni mdhamini. Ungemuuzia kikopo kilichofungwa, hujui kasoro yake, tungejadili hukumu ya bidhaa yenye kasoro. Wewe ulikaa kiti cha tabibu, ukampangia dozi. Ikithibitika kuwa unga huo ndio sababu, na wewe huna elimu ya kazi hiyo, gharama ni juu yako. Nasema ikithibitika, kwa kuwa hata virusi vya homa ya ini huleta macho ya njano. Subirini vipimo.

Hilo la "majani tu" halikuokoi. Chai ya kijani ya kuchemsha kikombeni haina shida kwa watu wengi. Ikikamuliwa ikakolezwa ni jambo jingine: mwaka 2018 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilieleza kuwa miligramu 800 au zaidi kwa siku za kemikali yake iitwayo EGCG huenda zikadhuru ini.

Leo hii acha kuuza unga huo. Peleka kikopo hospitali wakione. Wapigie wateja wote walionunua, waache kuutumia, na uwarudishie fedha zao. Mwenye mkojo mweusi au macho ya njano asingoje, aende hospitali.

Usipokuwa na uwezo, omba kulipa kidogo kidogo. Qur'ani 2:280 imeamrisha mdaiwa mwenye dhiki apewe muda. Wakikusamehe ni hiari yao, ila usiwatume wazee wa mtaa kwenda kuwashinikiza.

Wallahu aalam.