Maswali na majibu: Chapa za sanaa mnadani

Wiki hii barua nyingi zimehusu chapa, yaani kazi ambazo msanii huzichora kwenye bamba, jiwe au skrini, kisha zikapigwa nakala chache zenye namba.

Nakala ninayoitaka imeandikwa 68/75 kwa penseli. Rafiki ananishauri nisubiri yenye namba ndogo. Nimsikilize?

Usimsikilize. 75 ni jumla ya nakala, 68 ni ya karatasi hiyo. Karatasi hurundikwa zikauke, halafu ndipo zihesabiwe, kwa hiyo namba 1 huenda haikutoka kwanza mashineni. Ila kama mchoro ulikwaruzwa kwa sindano moja kwa moja kwenye shaba, vinyuzi vya shaba vinavyoshika wino husagika upesi, na nakala za mwanzo ndizo zenye weusi mzito kama mahameli. Hata hapo, amini macho yako kabla ya namba.

Katalogi inasema chapa ya Picasso ya mkusanyo wa Vollard "haina saini". Si feki hiyo?

Si lazima. Mkusanyo huo una chapa 100, alizozichora kati ya 1930 na 1937. Ambroise Vollard, aliyeziagiza, alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1939 kabla hajaziuza. Mfanyabiashara wa chapa Henri Petiet ndiye aliyenunua sehemu kubwa ya shehena, na Picasso akawa anamsainia kidogo kidogo kwa miaka mingi. Nyingine hazikufikiwa na penseli yake. Kazi ni halali, bei tu ndiyo hushuka.

Omba uioneshwe nje ya fremu. Iinue kwenye mwanga: ndani ya karatasi yenyewe kwa kawaida utaona alama ya maji yenye jina la Picasso au la Vollard. Kisha itazame kwa upande, utaona pale bamba lilipoididimiza karatasi kuzunguka mchoro. Picha iliyochanwa kitabuni haina mambo hayo. Uliza pia namba yake katika orodha ya Bloch, ambayo wauzaji wa chapa za Picasso hurejea kila siku.

Mimi naogopa zaidi saini isiyo na mchoro. Mwaka 1974 forodha ya Ufaransa ilisimamisha gari lenye karatasi tupu zipatazo 40,000 zilizokwisha kusainiwa na mchoraji Salvador Dalí. Saini halisi, chini ya picha yoyote ambayo mtu angependa kuipiga baadaye!

Nyundo iligongwa kwa dola 5,000, ankara imekuja 6,300. Nimeibiwa?

Hukuibiwa, hukusoma masharti. Juu ya bei ya nyundo kuna ada ya mnunuzi, na robo ya bei au zaidi ni jambo la kawaida. Yako ni asilimia 26. Bado usafirishaji na kodi. Mwenye dola 5,000 mfukoni aache kunyanyua mkono akifika 3,900.

Nimepata chapa ya Marilyn Monroe ya msanii Andy Warhol, rangi zinang'aa, lakini nyuma kuna muhuri unaoniambia nijaze saini yangu mwenyewe!

Hizo ni za Sunday B. Morning, wachapishaji wengine waliozirudufu picha hizo. Seti halisi ya 1967 ilitolewa na Factory Additions, kampuni ya Warhol mwenyewe, New York: picha 10, kila moja nakala 250, saini ya penseli na namba ya muhuri nyuma. Yako itundike uifurahie, ila usiilipie bei ya hizo.

Chapa yangu ina madoa ya kahawia na kingo pana zisizoingia kwenye fremu. Niisafishe na kuipunguza kabla ya kuiuza?

Weka mkasi chini! Kingo kamili ni sehemu ya thamani yake, na zikikatwa hazirudi. Madoa mwachie mhifadhi wa karatasi, fundi wa kusafisha na kutengeneza kazi za namna hiyo. Wapelekee watu wa mnada picha za mbele na nyuma, ikiwa vilevile ilivyo.

Chapa yangu haikufika bei ya chini niliyokubali kuiuza, nimerudishiwa. Niipeleke mnada mwingine mwezi ujao?

Usikimbilie. Matokeo hubaki mtandaoni, na wanunuzi watajua ilikataliwa juzi. Kwanza waulize walioinadi kama kuna aliyeishia karibu na bei yako. Mara nyingi mtu huyo bado anaitaka, na mauzo hukamilika kimyakimya baada ya mnada. Asipopatikana, iache ipumzike mwaka mmoja au miwili, kisha irudi mnadani na makadirio ya bei yaliyo chini zaidi.