Pennsylvania bado hakuna kura ya mapema: usitoke dirishani na bahasha mkononi

Mkuu mleta mada, subiri kwanza. Umeandika kwamba Pennsylvania "wamepitisha" kura ya mapema ya ana kwa ana, na kwa kuwa uko zamu ghalani Jumanne ya uchaguzi, utakwenda ofisi ya kaunti wiki moja kabla umalize kazi. Ukauliza pia kama unaweza kumrudishia mkeo karatasi yake ya kura. Mimi nimekwama kwenye hilo neno "wamepitisha", maana ndilo lililonimaliza.

Hawajapitisha. Kilichopita ni muswada, HB 1396, tena kwenye Baraza la Wawakilishi la jimbo peke yake, Mei 2025, kura 102 kwa 101. Mpaka Seneti nayo iukubali na Gavana Shapiro autie saini, huo ni muswada tu. Tatizo ni kwamba majirani zetu wote sita, New York, New Jersey, Delaware, Maryland, West Virginia na Ohio, wanayo kura ya mapema, kwa hiyo kila mwenye shemeji upande wa pili wa mpaka anadhani na sisi tunayo.

Mimi aliyeniingiza mkenge alikuwa ndugu yetu mmoja wa Maryland, mwenye sauti kubwa kwenye grupu letu la WhatsApp. Oktoba 2020 akatuma voisi: kura ya mapema imeanza, nendeni kaunti, dakika kumi tu. Kwake ni kweli, unaingia, mashine inameza karatasi mbele ya macho yako, unatoka. Ofisi ya uchaguzi ya Pennsylvania hajawahi kuikanyaga, ila aliongea kama ndiye aliyeijenga. Mpaka leo hajasema pole, na hili linaniuma kuliko anavyojua.

Nikaenda. Foleni ilifika mpaka maegesho, nikasimama saa mbili na nusu na barakoa usoni. Dirishani nikajaza ombi, nikapewa karatasi ya kura na bahasha mbili. Hapo ndipo nilipotakiwa kushtuka. Kumbe nilichopewa ni kura ya posta, ile iliyoruhusiwa kwa kila mtu na Sheria Na. 77 ya 2019, ila unaichukua mwenyewe badala ya kuletewa nyumbani. Lakini mimi ni mtu wa Unguja. Mwezi uleule kwetu askari na watumishi walipiga kura ya mapema tarehe 27, siku moja kabla ya wengine, na hiyo ni kura ya sandukuni kama ya siku yenyewe. Bahasha mbili za nini?

Nikaingia garini, nikaiweka karatasi juu ya usukani, nikavijaza vile viduara kwa kalamu nyeusi, nikaikunja, nikaitia kwenye bahasha kubwa, nikaweka saini na tarehe. Nikarudi kumkabidhi mama mmoja, akaipokea kwa mikono miwili, akatabasamu. Nikapiga picha, nikatuma kwenye grupu, watu wakanipongeza.

Wiki ya Thanksgiving, ile sikukuu ya mwishoni mwa Novemba, nikawa nasafisha gari. Kwenye mfuko wa mlango, chini ya risiti za mafuta, nikakuta bahasha ndogo nyeupe, safi, haijaguswa. Ile ya siri, ambayo kura hutangulia kuwekwa ndani yake kabla ya kutiwa kwenye kubwa. Miguu iliniisha nguvu. Mahakama ya Juu ya jimbo ilishaamua Septemba mwaka huohuo kwamba kura isiyo na bahasha ya siri haihesabiwi. Wanaiita kura uchi. Na ile ilikuwa kura yangu ya kwanza nikiwa raia, mkuu, niliyoisubiri miaka tisa.

Jamani, nimechangia harusi maisha yangu yote, sijawahi kuona bahasha inayodai bahasha yake! Na yule karani wa dirishani, neno moja tu lilitosha: "ndogo kwanza". Maelekezo yalikuwepo, ndiyo, kwa herufi ndogo, kwa mtu aliyesimama saa mbili na nusu.

Kwa hiyo shika hili hata ukisahau mengine yote. Ukifika dirishani uliza: nikitoka hapa, kura yangu itakuwa ndani ya mashine au ndani ya bahasha? Wakisema bahasha, usitoke nayo. Jazia palepale, tia kwenye ndogo, ndogo uitie kwenye kubwa, saini, tarehe ya siku hiyo, mkabidhi karani, mwombe akuangalizie. Mwaka 2024 nilifanya hivyo, nikawasimamia na wazee wawili nyuma yangu mpaka mlinzi akaja kuuliza kama nafanya kazi pale.

Na hiyo "wiki moja kabla" yako ifute. Jumanne inayotangulia uchaguzi, saa kumi na moja jioni, ndiyo mwisho wa kuomba. Mwaka 2024 kaunti ya Bucks watu walikatiwa foleni, ikabidi jaji aongeze siku mpaka Ijumaa. Usitegemee jaji. Nenda wiki mbili kabla, asubuhi ukitoka zamu, na mkeo aje kujaza ya kwake mwenyewe.

Ile bahasha ndogo bado ninayo, iko kwenye droo pamoja na cheti changu cha uraia. Nitumie ujumbe nikupigie picha uione ilivyo.