Kumfuata mtoto wa mbwa Nakuru na kumleta Hindi, Lamu

Swali

Shikamoo daktari. Mimi ni mkulima wa Hindi, Lamu. Nina mbuzi thelathini na kitu, na usiku fisi na wezi hawaniachi nilale. Nimepata mtoto wa mbwa, dume, Jerman Shepadi, kwa mfugaji mmoja Nakuru. Ana wiki 6. Mfugaji asema ameshapigwa sindano zote na niende nimchukue wiki hii, la sivyo atampa mwingine. Nakusudia kumleta kwa basi: Nairobi, Mombasa, Malindi, halafu Garsen mpaka hapa. Je, nimpe dawa gani ya usingizi asisumbue njiani? Na joto la huku ataliweza? Mzee wangu pia ana wasiwasi juu ya najisi.

Jibu

Marahaba, mwanangu. Umeuliza matatu, lakini lililonishtua ni la nne ambalo hukuliuliza: ana wiki 6 na ameshapigwa sindano zote. Hilo haliwezekani, na kabla sijakueleza habari ya basi nataka ulielewe vizuri, kwa sababu ndilo linalowaua wengi wa hawa wanaoletwa kutoka mbali.

Mtoto wa mbwa akinyonya dang'a, yale maziwa ya kwanza ya mama, siku ya kwanza hupata kingamwili za mama yake, yaani chembe za damu za kupigana na magonjwa. Hizo humlinda, lakini pia huiua chanjo. Ukimchanja zikiwa bado nyingi mwilini, zinaikamata ile chanjo kabla mwili wake haujajifunza lolote. Kingamwili za mama hupungua taratibu, na kila mtoto kwa wakati wake: mmoja zinamwisha wiki ya 8, ndugu yake wa tumbo lilelile wiki ya 14. Kwa kumtazama huwezi kujua. Ndiyo maana tunarudia sindano ya parvo na distempa, magonjwa mawili ya virusi yanayoua watoto wa mbwa, kila baada ya wiki 3 au 4, tukianzia wiki ya 6 au ya 8, mpaka atimize wiki 16. Sindano ya wiki ya 6 ni ya kwanza tu, na huenda haikufanya kazi. Ya kichaa cha mbwa hapo bado kabisa. Hiyo hupigwa akifika miezi 3, ikarudiwa baada ya mwaka.

Sasa tazama inavyokuwa. Mtoto anaambukizwa parvo kwa mfugaji siku ya Jumatatu. Dalili huchukua siku 3 hadi 7 kutokea, mara nyingine zaidi. Jumatano unamchukua, anacheza, anatikisa mkia. Ijumaa yuko kwako. Jumamosi hali chakula, Jumapili anatapika na kuhara damu, nawe unasema ni uchovu wa safari. Niliwahi kuletewa mmoja hapa Malindi, amefungwa kwenye kanga, kijana aliyemleta akiniambia kwamba ni basi tu limemchosha. Nilimfunua mdomo nikaubonyeza ufizi kwa kidole gumba. Ulibaki mweupe. Kwa mbwa mzima damu hurudi chini ya sekunde 2. Kwa yule nilihesabu mpaka 4. Harufu ya kile kinyesi ukishaikuta mara moja huisahau. Tulimtundikia dripu siku tatu usiku na mchana, na alfajiri ya nne akatuacha. Kijana alikaa kwenye ngazi ya kliniki hajui aseme nini. Ndiyo sababu nakusihi: usiende wiki hii.

Mwambie mfugaji hivi: utamlipa arubuni leo, na gharama ya chakula cha wiki nne, ila mtoto abaki na mama yake mpaka wiki ya 8 angalau, apigwe sindano ya pili wiki ya 9, wewe umchukue wiki ya 10. Tungeweza kungoja mpaka wiki 16 amalize zote, lakini hapo utapoteza jambo jingine. Kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi ndipo mbwa hujifunza nani ni wa kwao: watu, mbuzi, sauti za nyumbani. Mlinzi wa mbuzi anatakiwa awajue mbuzi wakati huo. Wiki ya 10 ndipo ninapoona hatari na faida zinapokaribiana. Mfugaji akikataa, mwache na mbwa wake. Anayekuharakisha uondoke na mtoto wa wiki 6 hana hamu ya kukuuzia mbwa mwenye afya.

Siku ya kumchukua, omba kumwona mama. Akikwambia mama hayupo, hilo ni jibu tosha. Shika kadi ya chanjo mkononi usome: kila sindano iwe na tarehe, stika iliyobanduliwa kwenye kichupa cha dawa yenyewe, sahihi ya daktari na namba yake ya usajili wa Bodi ya Madaktari wa Mifugo. Kadi iliyoandikwa kwa kalamu tu, kwa wino mmoja na siku moja, haina thamani. Uliza dawa ya minyoo alipewa lini. Mpapase masikioni na katikati ya vidole utafute kupe. Kisha pitia ofisi ya mifugo ya serikali hapo Nakuru upate kibali cha kumsafirisha.

Sasa njia yenyewe. Nakuru mpaka Hindi ni karibu kilomita 1,000: zaidi ya 150 kufika Nairobi, karibu 490 mpaka Mombasa, 120 mpaka Malindi, na kutoka hapa zaidi ya 200 kupitia Garsen na Witu. Usijaribu kuzimaliza kwa mkupuo mmoja. Kama kuna jamaa anayeteremka na gari lake, au mnaweza kuchanga wawili watatu mkakodi, fanya hivyo. Ukipanda basi, zungumza na ofisi yao kabla ya siku ya safari, si na makanga mlangoni, na makubaliano yawe kwamba mtoto atakaa miguuni pako ndani ya tundu. Wakikwambia aende kwenye buti, teremka. Mle ndani hamna hewa, pana joto la injini na moshi, na mizigo huteleza. Wapo walioshuka na mbwa aliyekwisha kufa muda mrefu bila wao kujua.

Tundu liwe la plastiki, lisilovuja chini, lenye matundu pande zote, na ukubwa wa kumtosha kusimama, kugeuka na kulala akinyoosha miguu. Likiwa kubwa mno atagongwagongwa kila breki. Mwombe mfugaji umwachie tundu hilo siku mbili tatu kabla, alale humo na ndugu zake, na uondoke na kitambaa chenye harufu ya mama. Hicho kitambaa kinatuliza kuliko dawa yoyote unayoitafuta.

Kuhusu dawa ya usingizi jibu langu ni hapana. Dawa za kulaza zinashusha shinikizo la damu na zinauvuruga mwili usiweze kujipoza, nawe unampeleka kwenye joto. Akitapika naye kalala, matapishi huingia mapafuni. Piritoni ya watoto usimpe, na Panadol na Brufen ni sumu kwake. Mbwa mwenye kichefuchefu cha gari ana dawa yake, ila huandikwa na daktari aliyempima na kujua uzito wake. Mpe chakula kidogo saa 4 kabla ya kuondoka, halafu njiani konzi ndogo kila baada ya saa 5 au 6, kwa kuwa mtoto wa umri huo akikaa na njaa siku nzima sukari yake ya damu hushuka akaanza kutetemeka. Maji kidogo kidogo kila mnaposimama. Maziwa ya ng'ombe yatamharisha. Beba chakula kilekile alichozoea, cha wiki nzima.

Mabasi yakisimama Mtito Andei utashawishika kumteremsha ajisaidie. Usimshushe chini. Mbwa wangapi wamepita hapo? Kirusi cha parvo hukaa udongoni miezi mingi, hata mwaka, na sindano zake bado hazijaisha. Tandika magazeti ndani ya tundu, ubadilishe, na yaliyochafuka uyatie kwenye mfuko. Kwa sababu hiyohiyo nikuulize: pana mbwa aliyekufa kwa kuhara hapo kwako mwaka huu? Kama yupo, banda la sementi lisugue kwa sabuni kwanza, kisha Jik, sehemu 1 kwa maji 30, liachwe lilowe dakika 10. Mchanga hausafishiki kwa Jik. Mtafutie mahali pengine.

Joto ataliweza, akipewa muda. Nakuru iko juu, mita zaidi ya 1,800, usiku wake ni wa blanketi. Mbwa hatoki jasho kama sisi. Hujipoza kwa kutweta, unyevu wa ulimi na koo ukikauka kwa hewa. Huku kwetu hewa yenyewe imeshiba maji, hasa kabla ya mvua za masika, kwa hiyo anatweta sana na kupoa kidogo. Ndiyo maana nakwambia Nairobi hadi Mombasa mpite usiku, mpumzike Malindi kutwa na kulala, kisha muondoke alfajiri. Barabara ya kutoka Garsen kwenda Mokowe huwa na vizuizi vya usalama, nayo ni ya asubuhi kwa kila hali. Ukiona ulimi umekuwa mwekundu sana, mate mazito yanavutika, na anayumba, usingoje kufika kwa daktari: mmwagie maji ya kawaida mwili mzima hapohapo, mpepee, ndipo umkimbize. Joto la mwili wake ni 38 na nusu hivi. Likivuka 41 viungo vya ndani vinaharibika.

Kama ungeniuliza kabla ya kuchagua, ningekwambia mbwa wa kienyeji aliyezaliwa hapohapo Hindi, mwenye manyoya mafupi, angekulindia mbuzi vizuri kwa gharama ndogo sana. Lakini umempenda huyo, na Shepadi akilelewa kivulini anaishi Pwani; ninao wanaofikisha miaka 10.

Ukikaribia Witu funga vioo. Huko kuna mbung'o, na mbwa huathirika vibaya na ugonjwa wa malale ya wanyama. Ukija kumwona siku moja ana homa na jicho limeingia ukungu wa buluu, usilitie dawa ya macho ukangoja. Apimwe damu mara moja. Mbu nao wana lao, wanabeba minyoo ya damu. Kuna mmoja hata umepewa jina la Kisiwa cha Pate, Brugia patei, kwa kuwa ndiko ulikotambuliwa, ndani ya mbwa na paka, mwaka 1958. Nitakuandikia dawa ya kinga ya minyoo inayoenezwa na mbu na ya kupe akishapimwa uzito.

Mzee wako mheshimu katika hili. Mimi ni daktari wa wanyama, na Lamu haikosi masheikh wa kumjibu kwa ilimu. Ninachokijua ni kile tulicholelewa nacho sote huku: mbwa wa kulinda mifugo na shamba ameruhusiwa, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Basi mjengee banda upande wa zizi, mbali na mlango wa nyumba na mahali pa kuswalia, awe na sufuria yake na maji yake. Bahati nzuri Hindi ni bara, huhitaji kupanda naye boti pamoja na watu waliotia udhu. Ndani ya basi pia lifunike tundu kwa shuka, na umwambie jirani wa kiti kuna nini kabla hajauliza.

Siku za mwanzo mlaze karibu na mbuzi wapole, mama na watoto, kukiwa na wavu kati yao, na uwepo wewe kila wanapokutana. Vichwa vya samaki vya kutupwa usimpe ovyo. Bunju mmoja anatosha kumuua. Akimng'ata au kumparura mtu kabla hajachanjwa kichaa, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 na mtu aende hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni kitoto kidogo cha mbwa. Mkifika Malindi mlete nimpime kabla hamjaendelea na safari. Sindano ya tatu iwe wiki ya 12 au 13, pamoja na ya kichaa, na ya mwisho wiki ya 16. Baada ya hiyo, ngoja wiki moja nyingine, ndipo umfungulie lango atembee na mbuzi.