Pikipiki yangu imekamatwa na korosho, ndo basi tena?

SWALI: Shikamoo mhariri. Mie mama wa Newala, nina pikipiki nimempa kijana aendeshe bodaboda, ananiletea hesabu kila wiki. Juzi usiku kakamatwa na magunia mawili ya korosho wanasema kangomba, ile biashara ya kununua korosho kwa wakulima kinyemela, kijana yuko ndani na pikipiki iko kituoni, nimeenda kuuliza naambiwa imeshataifishwa nirudi nyumbani. Mie kangomba siijui. Ndo nimeipoteza hivyo?

JIBU: Marahaba mama, pole sana. Hujaipoteza, na aliyekwambia hivyo kakukosea kwelikweli. Polisi wanaweza kuishikilia kama kielelezo, hilo hatubishi, lakini anayetaifisha ni mahakama, sio mtu wa kaunta, na kesi yenyewe hata haijasikilizwa, imetaifishwaje? Ibara ya 24 ya Katiba yetu ya 1977 inakupa haki ya kumiliki mali na hiyo mali ilindwe kisheria.

Sisi wa kusini tunaikumbuka 2018, serikali ilivyonunua korosho yenyewe kwa 3,300 kilo na watu wakahakikiwa mashamba kwanza, ili wa kangomba wajulikane, ndo walipwe, wengine wakasubiri hela weee. Mpaka leo kangomba ikitajwa mtu anaogopa anaacha mali yake. Usiache.

Kwanza ulizia hati ya kukamatia mali. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka askari akipekua akachukua kitu atoe risiti na mashahidi wasaini. Soma namba ya chesesi na ya injini moja moja, zifanane na kadi yako, kisha omba uipige picha ilivyo, maana betri na taa hupotea pale uani. Kama kadi bado ina jina la aliyekuuzia, beba mkataba wa mauziano, na ule wa hesabu na kijana kama mliandikishana.

Kesi ikianza nenda, usikose. Sheria ya Mazalia ya Uhalifu, Sura ya 256, inamruhusu mwenye mali asiyehusika na kosa kuiomba mahakama imsikilize. Kama wakili humuwezi, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 ipo kwa ajili ya watu kama wewe, ulizia ofisi ya maendeleo ya jamii pale halmashauri wakuunganishe na msaidizi wa kisheria. Hela ya kuikomboa usimpe mtu yeyote bila risiti ya serikali.

Na huyo kijana msimtupe mama, mpelekeeni chakula, maana akisema mahakamani kwamba hukujua kabeba nini, hapo ndo utakuwa na pa kushikia.